Sahihi Kwenye Chupa ya Fiwi

Barua ya Profesa ilifika Jumatano, mwezi wa saba mwaka wa themanini na tano, na mpaka leo sijui kwa nini niliifungua nikiwa nimesimama palepale posta badala ya kusubiri nifike nyumbani nikae. Mimi ni mtu wa hasira. Mama yangu husema nilizaliwa nimekunja ngumi. Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam wiki moja tu nyuma, siku tisa za kuhangaikia pasipoti na kibali cha kusafiri, na miguu ilikuwa bado imevimba kwa kusimama kwenye foleni za watu wasioniambia lini nirudi.

Barua ilikuwa na adabu zote za Ulaya. Mpendwa Bibi Anjela Methusela, alisema, tumezijaribu mara tatu mbegu ulizotutumia, kwa mikono ya wanafunzi watatu tofauti, na hazishiki damu ya kundi lolote. Tunaomba maelezo kabla ya mwisho wa mwezi. Yasipopatikana, itakuwa heri uiondoe mada yako kwenye mkutano.

Heri kwa nani? Nilikunja ile barua mara nne nikaitia kwenye pochi, nikapanda baiskeli, nikaenda upande usio wa kwetu. Nilizunguka Ngamiani yote bila sababu. Nilipofika Makorora nyumbani, jirani yetu mmoja alikuwa kibarazani anachambua mchele. Akaniuliza kama siku imewekwa.

"Siku ya nini, bibi?"

"Ya kwenda Ulaya. Wenda kwenye mkutano wa sukari, watakosa kukugaia? Nawe n'letee japo kilo mbili, mwanangu. Ya kwenye kadi ya mgao yaisha kabla sijafika dirishani."

Nikasema inshallah, nikaingia ndani. Nilikwisha choka kueleza. Mtaa mzima ulijua nakwenda mkutano wa sukari, na kwa mwaka ule, mtu akitamka sukari mbele za watu, hata wagonjwa wa kisukari waligeuza shingo.

Lakini wewe nitakueleza. Chembe nyekundu za damu zimevaa sukari. Si ile ya chai. Ni minyororo midogo sana iliyoota juu ya kila chembe, na tofauti ya mtu wa kundi A na mtu wa kundi O ni punje moja tu mwishoni mwa mnyororo. Mtu wa O akitiwa damu ya A, mwili wake huiona ile punje ngeni na kuivamia, na vita hiyo huweza kumuua mwenyewe. Wako watu duniani ambao kazi yao yote ni hizo sukari, zile za kwenye damu, za kwenye vijidudu, za kwenye mbegu, na kila baada ya miaka michache hukusanyika mji mmoja kuonyeshana walichokiona. Hao ndio waliokuwa wameniita. Nauli walilipa wao.

Waliniita kwa sababu ya fiwi. Mwaka wa themanini na tatu dawa ya kupimia kundi A iliisha hospitalini kwetu, na nchi haikuwa na fedha za kigeni za kuleta hata sindano, seuze dawa ya maabara. Nilikuwa nimewahi kusoma kwamba mbegu nyingine za jamii ya kunde zina kitu ndani yake kinachokamata sukari za damu. Basi nikajaribu. Nikasaga kunde, choroko, mbaazi, dengu, nikakamua, nikachuja, na siku ya kumi na mbili nikajaribu fiwi nyeusi za mama, zile bapa zenye mstari mweupe, anazokwenda kulima kwetu Usambaa kila msimu na kuzishusha Tanga kwenye debe. Tone moja la maji ya fiwi na tone moja la damu ya A juu ya kigae cheupe, ukikiyumbisha kidogo, damu inakatika vipandevipande kama maziwa yaliyoharibika. Damu ya O inabaki laini. Nililia, sioni haya kusema. Kwa miaka miwili hospitali yetu ilipima kundi A kwa fiwi za mama yangu, na hakuna aliyedhurika.

Kwa hiyo Profesa aliposema hazishiki, hakuwa anasema kuhusu karatasi yangu peke yake. Kama alikuwa anasema kweli, basi kila siku nilikuwa nawapima watu kwa uongo, na kuna mtu angekufa. Hilo ndilo nililopaswa kuliwaza pale posta. Sikuliwaza. Niliwaza kwamba wale wanafunzi wake watatu hawajui kushika kigae.

Alhamisi asubuhi nilikuwa wa kwanza mlangoni kwa karani wa simu za maandishi. Nikaandika: FIWI ZANGU ZINASHIKA KILA SIKU. TAZAMENI MIKONO YENU. Karani alisoma, akanitazama, akauliza kama nataka kupunguza neno lolote. Nikamwambia aongeze.

Nilipomsimulia mama, aliacha kumenya muhogo.

"Umemtukana mtu mzima, Anjela."

"Yeye ndiye aliyeanza, mama."

"Hasira, hasara," akasema, akaendelea na muhogo wake. Mama yangu Elizabeti ni Mlutheri wa zamani, hana maneno mengi, na machache aliyonayo huyatumia vizuri.

Siku hiyo sikuweza kukaa. Nilifika kazini nikapanga chupa, nikazipangua, nikatoka nje, nikarudi. Lucas, msaidizi wangu, kijana mpole ambaye hata mbu humfukuza badala ya kumuua, aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia kesho tutafanya ushahidi. Nitamwita Daktari Sadalla, mganga mfawidhi, aone kwa macho yake fiwi zikishika damu, aandike na kupiga mhuri wa hospitali, na huo mhuri nitampelekea Profesa aumeze na chai yake.

Daktari Sadalla alikuja Ijumaa saa nne, mikono nyuma. Yeye mwenyewe alikuwa kundi A, na damu yake ndiyo tuliyokuwa tukiitumia kuhakikishia kila chupa mpya. Sheria hiyo niliitunga mimi: chupa ya maji ya fiwi haitumiki mpaka nimeijaribu kwa damu ya Daktari na kutia sahihi kwenye kibandiko.

"Haya," akasema akinyoosha kidole nimtoboe, "tuione hiyo sukari yako inayotaka kuleta vita na Ulaya."

Nikachukua chupa iliyokuwa mezani. Damu yake nikaichanganya na dawa ya kuizuia isigande, kama kawaida. Tone la damu, tone la fiwi. Nikakiyumbisha kigae huku nikiwa nimekwisha tunga kichwani sentensi ya kwanza ya barua. Nikahesabu mpaka hamsini. Nikahesabu mpaka mia. Damu ilikuwa inateleza kigaeni, laini.

"Au mimi si A tena?" akauliza Daktari.

"Labda ni baridi," nikasema.

"Tanga hii?"

Nikarudia. Nikarudia tena kwa kigae kingine. Kisha nikafungua kabati, nikatoa chupa ya zamani iliyobaki maji ya vidole viwili, nikaidondosha. Kabla sijaanza kuyumbisha, damu ilikuwa imekatika.

Nilimgeukia Lucas. "Hii ya mezani umetengeneza kwa fiwi gani?"

"Za dukani kwa Pirbhai, dada. Za mama ziliisha, na mama alikuwa hajashusha debe jingine kwa sababu ya goti. Nilikuonyesha." Alikuwa anatazama chini. "Ulitia sahihi."

Nikaigeuza chupa. A. Methusela, kwa wino wa buluu, herufi zimelala upande kwa haraka. Nikakumbuka vizuri sana. Asubuhi ya kusafiri kwenda Dar, Lucas alinikimbilia getini na chupa mkononi na kalamu kinywani, akasema ni mpya, bado haijajaribiwa. Basi lilikuwa linaondoka. Nikasema fiwi ni fiwi, nikaweka chupa juu ya kiti cha baiskeli nikatia sahihi. Nyani haoni kundule. Nilikuwa nimemwambia Profesa atazame mikono yake.

Daktari Sadalla alivua miwani. "Imetumika siku ngapi?"

"Kumi na saba," akasema Lucas.

"Watu wangapi?"

Lucas alifungua daftari akahesabu kwa kidole. Walikuwa kumi na mmoja.

Daktari akaamuru chupa iondolewe na wote kumi na mmoja watafutwe, tuwapime upya kwa ile iliyobaki kabatini. Nikasema nitawatafuta mwenyewe. Lakini kabla sijaenda kwa yeyote kati yao nilikwenda kwa Shabbar Pirbhai, maana hasira yangu ilikuwa bado inatafuta mtu mwingine wa kumshukia.

Miaka miwili kabla ya hapo duka la Pirbhai pale Ngamiani lilikuwa na rafu tupu, isipokuwa rangi ya viatu na chumvi. Sasa serikali ilikuwa imelegeza kamba, wafanyabiashara wanaleta mali, na rafu zilikuwa zimejaa sabuni za harufu, betri, khanga, na chini magunia ya nafaka yamefunguliwa midomo. Nikachota fiwi. Ziling'aa kama vifungo vya koti.

"Hizi fiwi zako zina nini, kaka Shabbar?"

"Zina nini? Hazina kitu, dada Anjela. Hata vumbi hazina." Alizimimina kutoka kiganja hadi kiganja, anajivunia. "Zamani nilikuwa nanunua za milimani, za majivu, mteja anachafuka mpaka kwenye viwiko. Siku hizi mtu anataka kitu cha kung'aa. Hizi zimeoshwa na kuanikwa hukohuko zinakotoka."

Nilikuwa nimejiandaa kugomba, maneno yakaniishia. Majivu. Nikapanda baiskeli nikakanyaga mpaka Makorora bila kusimama, nikaenda moja kwa moja stoo, nikafunua debe la zamani la mama. Kulikuwa na fiwi chache tu chini, zimefukiwa ndani ya majivu ya kuni kama kwetu wote tunavyozihifadhi zisiliwe na wadudu. Mimi nikizichukua nilikuwa nazipangusa kwa kitambaa, basi. Na kwenye karatasi yangu ya Ulaya niliandika kwa Kiingereza safi kwamba mbegu zilisafishwa. Kwa mikono yangu, kupangusa ndiko kusafisha. Sikujua kwamba kuna namna nyingine.

Mama alikuwa uani.

"Mama, zile fiwi nilizokuachia uzifunge kifurushi cha Profesa, ulizifanya nini?"

"Niliziosha."

"Uliziosha."

"Maji matatu. Nikazianika, nikazichagua moja moja, mbovu nikatoa." Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama anajua kusali. "Ulitaka nimpelekee mtu wa watu majivu ya jikoni kwangu? Akifungua aseme mama yake Anjela hana maji?"

Ningemkasirikia vipi? Nilikaa kwenye kizingiti nikacheka, kicheko kibaya, mpaka akaja kunishika paji la uso.

Jumamosi asubuhi nilizijaribu fiwi za Pirbhai peke yake, zikakataa. Nikatia majivu kiasi cha kushikwa kwa vidole viwili, nikatikisa, nikachuja, nikarudia. Damu ya Daktari Sadalla ikakatika palepale. Ilikuwa wazi hata kwa mtoto wa shule: kile kitu cha kwenye fiwi kinahitaji chokaa ili kiweze kufumba kiganja na kukamata sukari. Majivu yana chokaa. Na dawa tunayotia kwenye damu isigande hula chokaa yote iliyomo, kwa hiyo fiwi isiyokuja na chokaa yake inakuta mezani hakuna kitu. Profesa na wanafunzi wake watatu walikuwa sahihi tangu mwanzo. Barua iliyonichoma ilikuwa onyo, nami nilijibu onyo kwa tusi.

Nikarudi kwa karani wa simu. MKO SAHIHI. MBEGU ZILIOSHWA. BILA MAJIVU HAZISHIKI. NAIONDOA MADA. NAOMBA RADHI. Safari hii hakuniuliza kama nataka kupunguza.

Kisha nikaanza kuwatafuta kumi na mmoja. Nilikuwa na anwani za kwenye daftari, na anwani za Tanga unazijua: nyuma ya msikiti, ulizia kwa fundi cherehani. Nilikanyaga baiskeli siku tano. Akina mama wajawazito Usagara, mzee wa ngiri Makorora, mwanafunzi wa ualimu aliyekuwa amehama. Kila mlango niliobisha, aliponifungulia mwenyewe, mzima, nilitaka kumkumbatia. Kumi walikuwa wamepimwa tu, hawajapewa damu wala kutoa. Watatu kati yao kadi zao zilikuwa za uongo. Nikazichana mbele yao nikawaandikia mpya.

Wa kumi na moja alikuwa mgambo wa Usagara aliyejitolea damu siku ya pili baada ya mimi kutia sahihi. Kadi yake ilisema O. Nikampima upya kwenye kibaraza chake, watoto wametuzunguka. Alikuwa A.

Damu yake ilikuwa imekwenda kwa nani? Daftari la wodi lilisema: Ernesti Mapunda, miaka thelathini na minne, mfanyakazi wa shamba la mkonge, mkono umenaswa na mashine ya korona, ile inayokwangua majani ya mkonge, amepoteza damu nyingi. Kundi O, kwa kadi yake ya zamani. Kanuni inataka damu ya mtoaji na ya mgonjwa zichanganywe kwanza zionekane kama zinapatana, lakini siku hiyo umeme ulikuwa umekatika, mashine haikuzunguka, mtu anaisha, na chupa iliandikwa O. Damu ya O hupewa yeyote. Nami ningefanya vilevile. Mwisho wa mstari, kwa mwandiko mwingine: amefariki siku ya pili, malaria kali.

Nilimpelekea Daktari Sadalla daftari. Alilisoma muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwamo.

"Ameshazikwa, Anjela," akasema. "Malaria inaua watu kila siku hapa. Tukisema hili, nani atakubali tena kuongezewa damu Tanga hii? Watu watatufia mikononi kwa woga." Alikuwa hasemi kwa ubaya. Alikuwa mtu aliyewahi kuuza saa yake anunue pamba za wodi. Kisha akanipa karatasi iliyokuwa mezani kwake. "Hii imekuja leo."

Ilikuwa simu ya maandishi ya Profesa. USIONDOE. MAJIVU NDIYO HABARI YENYEWE. UMEONGEZEWA MUDA, UTASEMA UKUMBI MKUU. NJOO.

Nilikuwa nimeipigania karatasi ile kwa miaka miwili. Nilikuwa nimeiota. Sasa nilikuwa nimeishika, na kitu nilichokuwa nakiona ni ule mstari wa daftari. Niliiweka mezani, nikaichukua, nikaiweka tena.

"Nenda," akasema Daktari. "Ukirudi tutaona."

Nilitoka nikachukua baiskeli, nikashika njia ya Muheza.

Kambi ya wafanyakazi ilikuwa katikati ya mistari ya mkonge isiyo na mwisho, nyumba za matofali zilizoungana migongo. Watu wa kambi waliniongoza mpaka mlangoni kwa Praxeda, mjane wa Ernesti. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, amefunga kitambaa cheusi, anapukuchua mahindi. Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kumi hivi.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba. Mimi si daktari. Ni yule anayepima damu hospitali."

Uso wake ukafunguka. Akasogea ili nipate nafasi mkekani. "Nyie ndio mliompa damu. Wenzangu hapa wanasema watu wa kambi hawapewi, mimi nikawaambia Ernesti alipewa chupa nzima. Nilitaka kuja kuwashukuru, nikakosa nauli."

Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, kilomita zote zile. Nikayaacha yote.

"Alikufaje?" nikauliza.

"Damu ilipoanza kuingia akawa anatetemeka. Akasema mgongo unakatika. Asubuhi mkojo ukawa mweusi kama kahawa. Nikamwambia nesi, nesi akasema malaria." Akapukuchua mistari miwili ya mahindi. "Mkono ulikuwa umeacha kutoka damu."

"Haikuwa malaria, Praxeda."

Akaliweka gunzi chini.

"Tulimpa damu isiyo yake. Chupa ya kupimia ilikuwa mbovu. Mimi ndiye niliyetia sahihi kwamba ni nzima, na sikuitazama. Nilikuwa nakimbilia basi."

"Basi la wapi?"

"La Dar. Kutafuta pasipoti."

"Ya kwenda wapi?"

"Ulaya. Kuna mkutano wa wenzangu wa kazi hii."

"Na bado unakwenda?"

"Wameniita. Wanataka niwaeleze ilikuwaje ile chupa ikawa mbovu."

Nilingoja anifukuze. Nilitaka anifukuze, anipige hata na gunzi, ningeondoka mwepesi zaidi. Yeye aliokota punje moja moja zilizorukia nje ya mkeka, akazirudisha kwenye ungo. Mahali fulani nyuma ya nyumba mtoto alikuwa anaita mama.

"Hapa wameandika malaria," akasema hatimaye. "Huko utamtaja?"

"Kule huwa hatutaji. Tunasema mgonjwa mmoja."

"Mmoja kati ya wangapi?"

Nikaokota punje moja iliyomponyoka, nikaitia kwenye ungo.

"Mtaje," akasema. "Utaje yote mawili, Ernesti Mapunda. Akina Ernesti wako wengi."

Niliporudi nilimwambia Daktari Sadalla kwamba mjane anajua. Aliuliza kama analia, nikasema hapana. Akavuta daftari la wodi, akakata neno malaria kwa kalamu yake mwenyewe, akaandika sababu ya kweli na tarehe na jina lake. Tangu siku ile hakuna chupa ya damu iliyotoka kwetu bila kuchanganywa kwanza, umeme uwepo usiwepo. Na watu hawakukimbia wote. Baadhi walikimbia, wengine wakabaki.

Ukumbi mkuu ulikuwa na watu wapata mia nne. Nilikuwa sijawahi kuona watu wengi hivyo wanaojali punje ya sukari isiyoonekana. Walikuwa wametoka Japani, Uhindi, Marekani, Misri. Kwenye ngazi walishikana mikono kama ndugu wa harusini, wakaulizana habari za maabara kama mtu anavyouliza habari za watoto. Profesa alikuwa mzee mfupi mwenye mikono ya baridi. Hakutaja simu yangu ya matusi. Aliniambia tu kwamba wanafunzi wake watatu wamefurahi.

Nikawaeleza majivu. Walipoona kigae cha pili, chenye damu iliyokatika, ukumbi ulipiga makofi katikati ya maneno yangu, jambo ambalo baadaye waliniambia halifanyiki. Mimi nilikuwa sisikii vizuri. Nyuma ya meza nilikuwa nahama kutoka mguu huu kwenda huu.

Picha ya mwisho niliyoionyesha ukutani iliandikwa kwa taipureta ya hospitali yetu: mgonjwa mmoja alifariki. Niliizima. Nikasema jina lake ni Ernesti Mapunda, alikuwa anafanya kazi kwenye mashine ya korona katika shamba la mkonge Tanga, ameacha mke na mtoto, na alikufa kwa chupa niliyotia sahihi mimi bila kuijaribu kwa sababu nilikuwa nawahi kuja hapa kwenu.

Makofi hayakuja. Mwenyekiti wa kikao aliniinamia, akaninong'oneza kwa upole kwamba katika mikutano hii majina ya wagonjwa hayatajwi. Nikamwambia mkewe ndiye aliyeniagiza. Kisha nikakisogelea kipaza sauti nikalitaja mara ya pili, polepole, yote mawili, maana safari ya kwanza nilikuwa nimesimama mbali nacho na walioketi nyuma huenda hawakulisikia.